Rula ya Maumivu

Fomu ilikuwa na maswali saba, na Lamduan alikuwa ameshayajibu kwa tafiti kumi na sita bila hata kutoa jasho. Wagonjwa waligawanywa kwa kura? Wangapi waliacha njiani? Aliyepima maumivu alijua nani kapewa tiba ya kweli na nani kapewa ya bandia? Kazi ya watu wengine ni rahisi kuichambua, jamani. Unaisoma, unaitia alama nyekundu, unamalizia chai yako, unakwenda nyumbani. Ila utafiti wa kumi na saba ulikuwa wa Mwalimu Sanguan, na huo hakuruhusiwa kuugusa, maana sheria ya kazi yao ilimkataza mtu kuhukumu utafiti alioshiriki. Jina lake lilikuwa mle, mstari wa mwisho kabisa: "Namshukuru Binti Lamduan kwa uvumilivu wake." Kwa hiyo akamwachia mwenzake Kaimuk.

Swali walilopewa na wizara ya afya lilikuwa moja tu. Kile kimashine cha umeme kinachobandikwa gotini kwa vipande vinne vya kunata, kinawapunguzia maumivu wazee waliosagika magoti, au ni kelele tupu? Wakisema kinasaidia, zahanati zote za Isan, huku kwetu kaskazini-mashariki, zitaletewa. Wakisema hakijulikani, basi mabibi wataendelea na vidonge vyao na mafuta ya kuchua. Wachambuzi walikuwa wawili, chumba kimoja cha chuo, na feni iliyolalamika tangu asubuhi.

Kaimuk alikuwa na miaka ishirini na tisa, kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mchana ule alikuwa anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili, macho kwenye kompyuta.

"Dada Lam," aliita, "huyu mwalimu wako alikuwa kiboko!"

"Alikuwa? Mzee yu hai. Chunga mdomo wako."

"Haya, ni kiboko. Hebu njoo uone. Mwaka 2537 wa Buddha, miaka thelathini sasa! Mimi hapo hata sijazaliwa, na mtu yuko kijijini, kwenye ukumbi wa hekalu, kagawa watu kwa kura kama inavyotakiwa, kaunda mashine bubu, taa inawaka umeme hakuna, na mpimaji hajui nani kawekewa ipi. Hawa wengine wote nimewagawia nyekundu na njano. Huyu ni kijani mwanzo mwisho."

"Mpimaji hajui," Lamduan alirudia.

"Imeandikwa hapa, ukurasa wa tatu."

"Najua ilipoandikwa."

Kaimuk alilamba chumvi vidoleni. "Na nikwambie kitu? Bila huu hatuna neno. Hawa kumi na sita ukiwaweka pamoja, huyu anavuta huku, yule kule, mwisho unabaki umeshika tama. Ukiuweka wa Mwalimu, jibu linatoka: inasaidia. Yaani wizara italeta mashine kwa sababu ya mzee mmoja na baiskeli."

"Baiskeli ilikuwa yangu."

"Ona sasa! Si unakwenda kummwagia maji ya mwaka mpya, Songkran? Mwambie. Mzee ana miaka themanini na moja, utampa zawadi gani kubwa kuliko hiyo? Mimi nikirudi Jumatano natuma wizarani, mchezo umekwisha."

Lamduan alitabasamu, akasema atamwambia. Akarudi mezani kwake na kukaa.

Nalisema mapema ili msinilaumu baadaye: ile sentensi ya ukurasa wa tatu haikuwa kweli. Mpimaji alijua. Mpimaji alikuwa Lamduan mwenyewe, na yeye ndiye pia aliyekuwa akiwabandika mabibi zile waya. Hakuna mwingine chuoni aliyelijua jambo hilo. Sasa hakutakiwa hata kumdanganya mtu, alitakiwa anyamaze tu mpaka Jumatano, kazi ambayo alikuwa ameifanya miaka thelathini bila kukosea.

Akafungua mtoto wa meza. Rula ilikuwa pale, chini ya makaratasi, imefungwa kwa kitambaa cha bluu.

Mwalimu Sanguan aliichonga mwenyewe, kwa msaji wa dirisha la zamani la nyumba ya mama yake. Ilikuwa na urefu wa kiganja na nusu, alama kumi zimekatwa kwa kisu, na juu yake waya mwembamba wenye kishanga chekundu cha kusukuma. Mabibi wengi hawakujua kusoma, na Mwalimu alikataa kata kata kuwaonyesha karatasi. "Huyu kapandikiza mpunga miaka hamsini," alisema. "Mkono wake unajua kupima. Mpe kitu cha kushika." Alikesha akiisugua kwa jani gumu la msasa mpaka ikateleza kama sabuni, na Lamduan, wakati ule ana miaka ishirini na nne na vyeti vyake vipya vya tiba ya viungo, aliona hakuna mtu duniani mwenye akili kuliko yule mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Lo, ule mwaka! Akiufikiria, alisikia kwanza harufu: majani ya mpunga yaliyolowa, ubani wa hekalu, na samaki wa kuvundika kwenye vibuyu vya mabibi. Kila asubuhi alipanda baiskeli kilomita tisa, mashine nane zimefungwa nyuma kwa mpira, nne za kweli na nne bubu, zote zina taa ya kijani, zote zinafanana. Mabibi walikuwa wameshafika zamani. Walikaa kwenye mikeka, sketi wamezipandisha mpaka juu ya magoti bila haya yoyote, wanatafuna tambuu na kutaniana.

"Mjukuu, yangu haitekenyi! Umeme umekatika?"

"Wako ulikatika siku mumeo alipokufa, Bibi Thongsi!"

"Afadhali mimi ulikatika. Wako haujawahi kuwaka!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mtawa mmoja aliyekuwa akifagia majani nje akajifanya hasikii.

Mwalimu alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikawachosha. Anayebandika mashine asiulize maumivu, na anayeuliza maumivu asijue mashine. Mpimaji alikuwa Wandi, nesi wa zahanati, aliyekaa mwisho wa ukumbi nyuma ya pazia. "Mpimaji hana uso," Mwalimu alisema. "Ukitabasamu umeshamwandikia mgonjwa jibu. Nataka uso mkavu." Aliwafanyisha mazoezi wote wawili, ati waiulize nguzo ya ukumbi: kutoka sifuri mpaka kumi, leo maumivu ya goti ni mangapi? Nguzo haikujibu, lakini Wandi alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu naye akacheka, akavua miwani kufuta macho. Hiyo ilikuwa siku ya mwisho Lamduan kumwona akicheka hivyo kwa muda mrefu sana.

Maana wiki iliyofuata mkewe, Bi. Orathai, alilazwa Bangkok, na Mwalimu akaenda kukaa naye. Kazi akamwachia Lamduan. Na wiki ya pili baada ya hapo Wandi, mja mzito wa miezi saba, akaanza kuvuja damu, daktari akamwamuru alale kitandani mpaka ajifungue.

Lamduan alikwenda nyumbani kwa mkuu wa kata, kwenye simu ya pekee ya eneo lile, kumweleza Mwalimu kwamba mpimaji hayupo. Alikuwa amejipanga maneno yote. Simu ikaita mara nyingi, ikapokewa, na sauti aliyoisikia hakuitambua mara moja.

"Lam? Wamempasua tena leo. Ni mara ya tatu." Mwalimu alijikaza. "Vipi huko? Kila kitu sawa?"

Sisi watu wa huku tunacheleana. Tunachelea kumwongezea mtu mzigo, tunachelea kumharibia sura, tunachelea hata kumwomba nafasi aliyekanyaga mguu wetu. Tunafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kula. Lamduan aliyameza maneno yake yote, akasema, "Sawa kabisa, Mwalimu. Usiwe na wasiwasi na sisi."

Basi, ndiyo hiyo. Hakuwahi kusema uongo mwingine.

Kuanzia siku ile alibandika mashine mbele ya pazia, kisha akazunguka nyuma ya pazia na kuuliza maumivu. Alijitahidi uso uwe mkavu, ninamtetea kwa hilo. Lakini alikuwa anawapenda wale mabibi. Walimletea wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mgomba, na panzi wa kukaanga, na habari za vijana wazuri wasiooa. Akikaa na mwenye mashine ya kweli, moyo wake ulitamani apone, na hamu ile ilimtoka machoni. Akikaa na mwenye mashine bubu, alimwonea huruma, na sauti ikalegea. Mabibi walikuwa wamesoma nyuso za wakwe, za mabwana shamba na za watoto wenye homa kwa miaka sabini. Uso wa Lamduan waliusoma bila miwani.

Bibi Bunma alikuwa na mashine ya kweli na magoti mabaya kuliko wote, yamevimba na kupinda nje. Siku ya kwanza alisukuma kishanga mpaka alama ya nane. Wiki ya nne alikisukuma mpaka ya mbili.

"Mbili, Bibi?"

"Mbili, mjukuu. Mikono yako ina baraka."

Lamduan akaandika mbili, akaruka moyoni. Alitoka nje kuchota maji, na nyuma ya ukumbi akamkuta Bibi Bunma anashuka ngazi za hekalu. Alikuwa anazishuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, ameng'ata kona ya kitambaa chake cha bega asipige ukelele. Zilikuwa ngazi saba. Lamduan alimsubiri chini na ndoo mkononi.

"Bibi, umeniambia mbili!"

Bibi Bunma alishtuka kama mwizi, kisha akapata hasira. "Ulitaka nikwambieje? Umeendesha baiskeli kwenye matope tangu alfajiri, umeinama na waya zako, umeniangalia kwa hayo macho yako, halafu nikutolee nane? Mimi nina roho ya chuma?"

"Lakini ni ngapi, Bibi? Kweli kweli?"

"Nane," alisema Bibi Bunma. "Siku nyingine tisa. Usiandike, utamuudhi mwalimu wako, naye ana mgonjwa."

Na Lamduan hakuandika.

Miezi saba baadaye utafiti ukachapishwa. Waliopewa mashine ya kweli walishuka kutoka nane mpaka tatu, waliopewa bubu wakabaki saba. Mwalimu, mgane wa miezi sita, alisimama Bangkok mbele ya watu mia mbili na shati lisilopigwa pasi, akaeleza juu ya mabibi na rula. Watu walipiga makofi. Wakaanza kuuita "utafiti wa Sanguan", na picha yake ikatundikwa ukumbini chuoni. Bibi Bunma alikufa mwaka 2545. Wandi alijifungua salama, akahamia kusini kwa mumewe. Ukumbi wa hekalu wakaubomoa, wakajenga wa saruji.

Lamduan akaifunga tena rula kwa kitambaa, akaitia mkobani.

Alisafiri siku ya pili ya Songkran, na kabla hajafika kwa Mwalimu alikuwa ameshaloweshwa na mitaa mitatu. Vijana walimmwagia ndoo, wasichana wakampaka unga mweupe mashavuni, bomba za maji zikampata mgongoni, na kila aliyemlowesha alimtakia heri kwa adabu zote. Mwalimu aliishi na mpwa wake Sirin, katika nyumba ya nguzo ndefu. Zamani chumba chake kilikuwa juu. Sasa kitanda chake kilikuwa chini, kati ya nguzo, pamoja na feni, redio na kuku.

"Lam!" aliita kutoka kwenye kiti. "Wamekuchakaza! Sirin, mletee taulo, dada yako anakuja kama bata. Wenzako walikuja jana, wameshanimwagia maji mpaka vidole vimekunjamana. Nikajua wewe utakuja leo, wewe huji kwenye kundi."

Alikuwa amekonda. Miwani ilikuwa mipya, lakini alikuwa ameifunga kwa uzi vilevile. Lamduan alikaa chini kwenye mkeka, akakunja miguu upande mmoja, akamuuliza magoti yanaendeleaje.

"Magoti? Hayana neno." Aliyapigapiga kama mtu anayesifia ng'ombe wake sokoni. "Ukiniletea ile rula nitakupa tatu. Hata tatu haifiki."

Kisha akataka kumchagulia embe lililoiva kutoka kwenye kapu, lililokuwa hatua mbili tu. Alishika meza. Akajiinua, akashindwa, akajifanya anarekebisha mto. Akajiinua tena. Mara ya tatu akasimama, midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe, na jasho limemtoka juu ya miwani. "Haya ndiyo matamu," alisema, akamkabidhi embe kwa tabasamu.

Lamduan alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka mapajani bila kulimenya.

Sirin akaleta bakuli la fedha, maji ya manukato na maua ya yasmini yakielea. Mwalimu alirudi kitini, akanyoosha mikono, viganja pamoja. Lamduan akapiga magoti mbele yake. Kila mwaka alikuwa amefanya hivi. Unamimina maji polepole mikononi mwa mkubwa wako, unasema yale maneno: kama nilikukosea kwa tendo, kwa neno au kwa wazo, kwa kujua au kwa kutojua, naomba unisamehe. Na mkubwa anajibu kwamba amekusamehe, anakuombea heri, anakupaka maji kichwani, mnakula. Hakuna anayeuliza ni kosa gani. Uzuri wa maneno yale ni kwamba yanabeba kila kitu na hayataji chochote. Mara thelathini Lamduan alikuwa amejificha humo.

Akamimina. "Kama nilikukosea kwa tendo, kwa neno au kwa wazo," alianza, kisha akaacha kumimina. "Mwalimu, nilikukosea kwa neno. Nililisema kwenye simu, mwezi wa nane, mwaka 2537. Uliniuliza kama kila kitu kiko sawa nikakwambia sawa. Hakikuwa sawa. Wandi alikuwa ameondoka. Nilibandika mimi, nikauliza mimi."

Mikono ya Mwalimu ilibaki pale pale, inadondosha maji.

"Uliuliza wewe?" alisema. "Wangapi?"

"Wote arobaini na wanane. Kuanzia wiki ya tatu mpaka mwisho. Na walinisoma usoni, Mwalimu. Bibi Bunma alinipa mbili, halafu nikamkuta anashuka ngazi kwa makalio. Ilikuwa nane. Alinipa mbili kwa kunichelea, na mimi nikakupa wewe kwa kukuchelea."

"Nilisimama Bangkok," Mwalimu alisema polepole, "mbele ya watu mia mbili, nikasema mpimaji hakujua."

"Nilikuwepo. Safu ya tatu. Nilipiga makofi."

"Ulipiga makofi!" Alivuta mikono yake, akaifuta kwenye shati. Sirin, aliyekuwa anakuja na sahani ya matunda, aliona uso wa mjomba wake akageuza njia kurudi jikoni. "Mimi nilikuwa narudisha ripoti ya mwanafunzi kwa nukta moja tu, Lamduan. Nukta! Niliwaliza watoto wa watu. Na muda wote huo kazi yangu mwenyewe, hiyo moja niliyoifanya, ina shimo linaloingia tembo, na aliyelichimba anakuja kila mwaka kunimwagia yasmini!"

Lamduan hakujitetea. Alimweleza na lililobaki: wizara, tafiti kumi na saba, alama za kijani za Kaimuk, na kwamba ripoti inakwenda Jumatano ikiegemea utafiti wake peke yake. Alimweleza kwamba angeweza kunyamaza, na kwamba alikusudia kunyamaza mpaka dakika ile ya embe.

Huko barabarani ngoma zilikuwa zinapita na watoto wanapiga mayowe ya maji. Mwalimu aliwasikiliza mpaka wakaishia kona.

"Ungeniambia ningekuja," alisema hatimaye. Hasira ilikuwa imemshuka, na sauti yake ilikuwa ile ya kwenye simu. "Unanijua. Ningepanda basi usiku uleule, nikae kijijini mpaka nimfundishe mpimaji mwingine. Wiki tatu, nne. Na Orathai alikufa wiki ya tano."

"Najua, Mwalimu."

"Nilimsomea magazeti. Alipenda kurasa za nyota. Kila asubuhi ananiuliza, nyota yangu inasemaje, na mimi natunga, kwa sababu ile ya gazetini haifai." Alivua miwani, akabaki ameishika. "Kwa hiyo sijui, Lam. Sijui nikushukuru au nikufukuze."

Lamduan alilia hapo, wazi wazi, unga mweupe ukamchuruzika mashavuni. Mwalimu alimwacha alie. Alipoona amepungua, alinyoosha mkono.

"Huyo msichana wa kijani kibichi. Mpigie."

Kaimuk alipokea kwa kelele, nyuma yake muziki na maji. "Dada Lam! Umemwambia? Kafurahi?"

"Naitwa Sanguan," Mwalimu alisema. Huko muziki ukazimwa ghafla. "Swali la aliyepima, kwenye utafiti wangu, tia nyekundu. Mpimaji alijua. Andika kwamba aliyekwambia ni mwenye utafiti, na kwamba mpimaji mwenyewe ameshuhudia."

"Mwalimu, samahani sana, lakini tukitia nyekundu hatuna jibu tena. Itabidi tuandike hatujui."

"Ndiyo. Mnajua?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi andikeni hatujui, na mwombe wizara wafanye utafiti mzuri. Na mpimaji awe mtu wa mbali, asiyependwa na mtu." Akamrudishia Lamduan simu bila kuaga.

Kisha akamuuliza ile rula ilipotelea wapi, maana aliitafuta miaka mingi akadhani mchwa wameila. Lamduan alifungua mkoba uliolowa, akakunjua kitambaa cha bluu. Mwalimu aliipokea, akaipitisha kidole gumba, alama moja moja. Akasukuma kishanga mara mbili, mbele na nyuma. Kiliteleza vizuri bado.

"Niulize," alisema.

"Mwalimu?"

"Nilikwambia tatu nilipokuona. Nilikuchelea. Niulize sasa, kama nilivyokufundisha. Uso mkavu."

Lamduan alijifuta uso kwa taulo. Akakaa wima mbele yake kwenye mkeka, mikono mapajani, akatafuta ile sauti waliyoulizia nguzo.

"Kutoka sifuri mpaka kumi, leo maumivu ya goti ni mangapi?"

Mwalimu Sanguan alikisukuma kishanga. Kilipita tatu, kikapita tano, kikapita ile nane ya Bibi Bunma, kikasimama.

"Tisa," alisema. "Tangu mwaka juzi. Sirin hajui." Akamwangalia usoni. "Usinionee huruma, Lam. Andika."

Kalamu ilikuwa imelowa, ikagoma mara ya kwanza. Akaijaribu kwenye kiganja, ikashika. Akaandika tisa.